Sapatu za Sufu na Haya ya Miguu

Huenda wako watakaostaajabu kuona jarida la walimu wa Kiswahili, ambalo aghalabu hushughulika na fasihi, sarufi na mila, likitoa nafasi kwa habari za sapatu. Watauliza: sapatu na lugha vina udugu gani? Sisi tunaoyaandika haya tunafundisha Kiswahili katika mtaa wa Rwezamenyo, mjini Kigali, na kazi hiyo imetuonyesha kwamba udugu huo upo, tena ni wa karibu. Mwanafunzi haji darasani na ulimi peke yake. Huja na miguu yake pia, na mara nyingine ni miguu hiyo inayomzuia asiingie.

Kwa wasioijua Rwezamenyo, yafaa tueleze kidogo. Ni moja ya sekta kumi za Wilaya ya Nyarugenge, na majirani zake ni Biryogo na Nyamirambo. Jina lenyewe ni la Kinyarwanda, na mwalimu wa lugha hawezi kulipita bila kulichungulia: amenyo ni meno, na kweza ni kukifanya kitu kiwe cheupe. Kila tulisikiapo jina hilo twamwona mtu anayecheka hadi meno yote yakaonekana. Kiswahili si mgeni wa juzi katika mitaa hii. Mji wa Kigali ulipoanzishwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907, askari, wachuuzi na watumishi waliokizungumza walikuja na kufanya makazi, na msikiti wa kwanza nchini ulijengwa humu mjini mwaka 1913. Hata leo, ukishuka njia za Biryogo jioni, utasikia Kiswahili barazani, gereji na kwenye mabanda ya chai.

Katika nyumba nyingi za mitaa hii adabu ya mlango ni ileile tuijuayo pwani. Mgeni hupiga hodi, huitikiwa karibu, kisha huvua viatu kabla ya kukanyaga mkeka. Mkeka ni mahali pa kulia, pa kusalia na pa kumlaza mtoto, kwa hiyo haifai kuuletea uchafu wa njia. Adabu hiyo ni njema nasi hatuipingi. Hata hivyo, kila adabu ina watu inayowaelemea kuliko wengine, na adabu hii huwaelemea wale ambao nyayo zao hutoa jasho jingi.

Wazee wetu hawakuwa wajinga wa miguu. Yatazameni majina ya viatu waliyotuachia. Mtalawanda ni kiatu cha mti, cha kuvalia nyumbani na msalani. Makubadhi ni viatu vya ngozi vilivyo wazi, navyo ni fahari ya mafundi wa pwani hadi leo. Ndara ni nyepesi zaidi. Kandambili zimetajwa kwa kanda zake mbili, na hapa Rwanda watu husema kambambili, ambamo sikio la Mswahili husikia mara moja kamba mbili. Sapatu ni neno tulilolichukua kwa Wareno, ambao kwao sapato ni kiatu chochote. Sisi tukalitwaa na kulipa kazi nyembamba zaidi, ya kiatu chepesi cha ndani. Ukivipanga viatu hivyo kwenye kizingiti kimoja, utaona kwamba vyote havikukusudiwa kuunyima mguu hewa. Kiatu cha kuufunga mguu mzima tangu alfajiri hadi magharibi kilienea kwetu pamoja na kambi, ofisi na shule.

Siku hizi viatu vya namna hiyo, kwa mnunuzi wa kipato cha kawaida, mara nyingi si vya ngozi. Ni vya plastiki, au vya ngozi ya bandia iliyopakwa mafuta ya kung'arisha ili ifanane na ya kweli, na soksi za ndani ni za nailoni. Karani, mlinzi, mwalimu na dereva wa pikipiki huvivaa saa kumi na zaidi kwa siku. Sisi wenyewe ni wa kundi hilo. Twasimama mbele ya ubao tangu asubuhi, na kengele ya mwisho inapolia soksi zetu zimelowa kana kwamba tumevuka kijito. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hiki sisi tumekilalia miaka mingi.

Lakini jambo lililotufanya tuishike kalamu si miguu yetu. Ni miguu ya mwanafunzi mmoja wa darasa letu la jioni.

Darasa hilo hufanyika sebuleni kwa jirani mmoja mwema, juu ya mkeka, na wanafunzi wake ni watu wazima wenye shughuli zao. Miongoni mwao alikuwako dereva wa pikipiki, mtu wa miaka thelathini na kitu, baba wa watoto wawili. Alikuwa akijiandaa kuingia kazi ya malori yanayochukua mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam. Njia hiyo hupita mpaka wa Rusumo na kuendelea ndani ya Tanzania kwa zaidi ya kilomita 1,000, na dereva asiyejua Kiswahili atapata shida kwenye mizani, gereji, mahali pa kulala na mbele ya askari wa usalama barabarani. Kwake, basi, Kiswahili hakikuwa pambo. Kilikuwa unga wa watoto.

Bwana huyo alikuwa na desturi ya kukaa kizingitini, viatu miguuni, akisema kwamba anailinda pikipiki yake. Jioni moja mvua ilinyesha, wenzake wakamsihi aingie, naye akavua viatu. Kijana mmoja akatoa mzaha kuhusu harufu, na wengine wakacheka. Naye alicheka, kama mtu anavyocheka akiwa hana jingine la kufanya. Juma lililofuata hakuja, wala la pili yake. Tukamfuata kwenye kituo cha pikipiki anakosubiri abiria. Baada ya salamu ndefu alituambia: "Mwalimu, Kiswahili nakipenda. Lakini nikivua viatu, maneno yote hunitoka kichwani. Nabaki kuiwaza miguu tu."

Maneno hayo tuliyatafakari siku nyingi, kwani yanakubaliana na yale wataalamu wa mwili wanayotufundisha. Miguu miwili ya binadamu ina vitundu vya jasho vipatavyo 250,000, na mahali vilipobanana sana ni kwenye nyayo. Jasho lenyewe, linapotoka, karibu halina harufu. Harufu huja baadaye, pale bakteria wanaoishi juu ya ngozi wanapolila jasho pamoja na chembe za ngozi iliyokufa, mahali palipo na joto, unyevu na giza. Kiatu kilichofungwa huwapa vyote vitatu. Kwa hiyo mwenye miguu ya jasho si lazima awe mchafu. Anaweza kuoga mara mbili kwa siku na bado akalowa kabla ya adhuhuri.

Tena liko jambo la pili, ambalo twaona kila mwalimu yampasa kulijua. Jasho la mgongoni na la kifuani hutoka hasa kwa ajili ya joto. Jasho la viganja na la nyayo hutoka pia kwa hofu, wasiwasi na aibu. Mtu anayesubiri kuitwa mbele ya watu huona viganja vikilowa hata siku ya baridi, na nyayo hufanya vivyo hivyo ndani ya viatu bila kuonekana. Hapo ndipo tulipoielewa habari ya mwanafunzi wetu. Haya huzaa jasho, na jasho huzaa haya. Anayechekwa kwa miguu yake hutoa jasho zaidi, na anayetoa jasho zaidi huogopa zaidi kuchekwa. Ukimwongezea mtu huyo mzigo wa kusema lugha ambayo bado hajaizoea, mbele ya watu walewale, umemfungia mlango kwa komeo mbili.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mwanafunzi wa lugha hujikwaa ulimi kila siku, maana ndiyo njia ya kujifunza. Tukimkwaza na kidole pia, atasimamia wapi?

Hebu tutaje jambo moja la kuwafunza wacheshi wetu adabu. Harufu hiyo wanayoicheka imeshughulisha maabara kubwa. Miongoni mwa bakteria wa miguuni wamo jamaa wa karibu wa wale wanaotumiwa Ulaya kuivisha jibini iitwayo Limburger, na ndiyo sababu harufu zake zafanana. Mwaka 1996 mtaalamu wa Kiholanzi, Bart Knols, pamoja na mwenzake, walionyesha kwamba mbu aina ya Anopheles gambiae, mwenezaji mkuu wa malaria, ambaye hupenda kuuma miguuni, huvutwa na harufu ya jibini hiyo. Baadaye, katika Taasisi ya Afya ya Ifakara nchini Tanzania, mtafiti Fredros Okumu na wenzake walitengeneza mitego ya kuwavuta mbu kwa harufu iliyoigizwa ile ya binadamu, na mwaka 2011 kazi hiyo ilipata msaada wa fedha ili kuiendeleza kwa kutumia harufu ya miguu. Kinachochekwa mlangoni pa nyumba ya Rwezamenyo kimeheshimiwa kule Ifakara. Tuliwasomea wanafunzi wetu habari hiyo kama zoezi la ufahamu, na hakuna zoezi lililosikilizwa kwa makini kama lile.

Hata hivyo, maarifa peke yake hayamrudishi mtu mkekani. Ilibidi apate cha kuvaa. Tukamwendea mama mmoja jirani yetu, mtu mzima wa kizazi cha Waswahili wa Biryogo, ambaye hufuma sweta za watoto. Tulipomweleza shida, alitutazama miguu yetu sisi kwanza, kisha akasema: "Mwalimu, mguu huu si mgonjwa. Umefungiwa katika chumba kisicho na dirisha. Ufumieni sufu." Tukamwambia kwamba sufu ni ya baridi, na mguu wetu tayari unalowa. Akacheka akasema: "Mbona mabwana wa zamani walivaa bushuti kwenye jua la pwani?"

Maneno yake yalikuwa na ukweli. Bushuti, joho la sufu ambalo Waarabu wa Omani na mabwana wa Zanzibar walilivaa juu ya kanzu, halikuvaliwa kwa ajili ya theluji. Sufu ina tabia ya ajabu. Kila unywele wake una mikunjo midogo, na mikunjo hiyo huhifadhi hewa kati ya unywele na unywele. Juu ya ngozi ya unywele maji huteleza, lakini ndani yake mvuke hupenya. Sufu yaweza kuunywa mvuke wa maji kufikia kadiri ya theluthi ya uzito wake bila mkono kuhisi kuwa imelowa, kisha huutoa taratibu nje kwenye hewa. Pamba nayo hunywa maji, lakini ikilowa hubaki imelowa na kugandamana na ngozi. Plastiki hainywi kitu, hurudisha jasho palepale lilipotoka. Ndiyo maana mguu katika sufu hukaa mkavu zaidi kuliko katika nailoni, ingawa kwa macho sufu yaonekana nzito na yenye joto.

Hapa walimu wenzetu watatuvumilia tuingize somo dogo la msamiati, kwani wanafunzi wengi huchanganya sufu na sufi. Sufu ni manyoya ya kondoo. Sufi ni ile pamba laini ya mti wa msufi, inayojazwa kwenye mito na magodoro. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, na tofauti yake ni irabu moja tu, lakini anayeagiza sapatu za sufi ataletewa mto wa kulalia. Wanyarwanda husema ubwoya kwa manyoya ya mnyama, na mwanafunzi akiambiwa aliweke neno hilo kando ya unyoya wetu, huona mwenyewe jinsi lugha za Kibantu zinavyotazamana.

Kondoo hana ugeni katika nchi hii. Huitwa intama, na ngozi yake ndiyo iliyotengenezewa ingobyi, yaani mbeleko ya jadi ya kumbebea mtoto mgongoni. Lakini kondoo wa asili wa kwetu huku Afrika ya Mashariki aghalabu ni wa nywele, si wa sufu ya kusokota. Sufu hutoka kwa mbegu za kigeni zilizozoea nyanda za juu, kama merino, na Corriedale wanaofugwa Kenya. Hapa Rwanda, huko Musanze karibu na milima ya volkano, kuna shirika liitwalo Handspun Hope ambamo wanawake husokota sufu ya merino kwa mikono na kuitia rangi za mimea. Tulipata mafundo machache ya uzi uliosokotwa kwa mkono, tukampelekea jirani yetu.

Namna alivyofanya tutaieleza, maana huenda mwalimu mmoja akapenda kuijaribu pamoja na wanafunzi wake. Kwanza aliuchora unyayo wa kila mtu juu ya karatasi. Kisha akafuma kwa sindano mbili, kwa mkono mlegevu, sapatu kubwa kupita kiasi, ambazo ungedhani ni za jitu. Zilipokuwa tayari alizitia katika beseni la maji ya moto yenye sabuni akazisugua na kuzikanda kama unga wa chapati. Unywele wa sufu una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho. Ukipata joto, sabuni na msuguano, magamba hayo hushikana na hayaachani tena. Sapatu zikaanza kunywea mbele ya macho yetu, matundu ya mfumo yakazibana, kitambaa kikawa kinene na kigumu. Alizivisha juu ya kipande cha mti chenye umbo la mguu, akazikausha kivulini. Kwa chini alishona soli ya ngozi nyembamba. Tulimpendekezea mpira wa gurudumu, ule ambao hapa hutengenezewa viatu viitwavyo rugabire, akakataa. Alisema mpira ni imara kwa njia ya mawe, lakini ukiushona chini ya sufu umeziba dirisha ulilokwisha kulifungua.

Jozi ya kwanza ilikuwa yetu, ya pili tukampelekea yule bwana kituoni kwake. Hatukumpa hotuba. Tulimwambia tu kwamba darasani sasa kuna desturi mpya: kila mwenye kutaka huja na sapatu zake za ndani, safi, zisizotoka nje, na mlangoni kuna beseni la maji na taulo kwa anayependa kunawa miguu kabla ya kuingia. Desturi hiyo tulianza nayo sisi, mbele ya wanafunzi wote, tukinawa, tukijifuta vidole kimoja kimoja, kisha tukivaa. Juma lile alikuja akakaa tena kizingitini. Juma lililofuata alinawa, akavaa, akaingia, akaketi karibu na ukuta.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji kwa kusema kwamba jasho lilikoma. Sufu haizuii jasho; hulipa njia ya kutoka. Miguu yetu bado hutoa jasho, na yake pia. Lakini mtu asiyeiwaza miguu yake huanza kuyawaza maneno. Mwezi wa pili alituuliza swali refu kuhusu tofauti ya "nimepakia" na "nimepakua", maneno mawili ambayo dereva wa lori akiyachanganya huweza kupoteza kazi. Kijana aliyetoa mzaha ule ndiye aliyejibu, akamweleza vizuri, naye akashukuru. Hadi tunapoandika hajapata bado kazi ya lori, ila Kiswahili cha kuiombea anacho.

Sapatu zenyewe zataka matunzo. Ni vema kuwa na jozi mbili, ili moja ivaliwe na nyingine ipate siku nzima ya kukauka kwenye hewa. Zisianikwe kwenye jua kali wala karibu na jiko. Zikichafuka, zifuliwe kwa maji ya vuguvugu bila kusuguliwa, la sivyo zitaendelea kunywea hadi zimfae mtoto. Kigali iko kwenye mwinuko wa kadiri ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na jioni za masika sakafu ya sementi hupoa sana, hivyo sapatu hizi huufaa pia mguu usio na jasho. Kwa wenzetu wa Mombasa au Tanga, uzi mwembamba na mfumo mwepesi utafaa zaidi.

Twaongeza maonyo mawili. La kwanza: sufu si dawa. Ngozi kati ya vidole ikiwa nyeupe, imepasuka na inawasha, hiyo ni fangasi, na mtu aende kituo cha afya apewe dawa. Hali kadhalika, jasho likizidi mno hata kalamu ikateleza mkononi, nalo lina matibabu yake. La pili: mtu asifikiri kwamba tunawashauri watu waache viatu. Rwanda inaujua ugonjwa uitwao imidido, unaovimbisha miguu ya watu waliokanyaga kwa miaka mingi, bila viatu, udongo mwekundu wa asili ya volkano. Utafiti wa nchi nzima uliofanywa mwaka 2017 uliwakuta wagonjwa katika wilaya zote 30. Wagonjwa hao pia hufichwa, huchekwa na hutengwa, ingawa ugonjwa wao hauambukizi hata kidogo. Kiatu ni kinga na kivaliwe nje. Sapatu ni za ndani, pale kiatu kinapofikia mwisho wa kazi yake.

Ndugu zetu walimu, jambo hili limetukumbusha historia ya lugha tunayoifundisha. Kwa miaka mingi hapa Rwanda, Kiswahili kilikuwa lugha iliyoachwa nje ya mlango. Kilifaa sokoni, gereji, kambini na kwenye stesheni za magari, lakini aliyekizungumza mbele ya wakubwa aliweza kudhaniwa mhuni, na neno Mswahili lilitumiwa mara kwa mara kama tusi. Watu walikijua na wakakificha, kama mtu afichavyo miguu yake chini ya kiti. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Sheria ilifungua mlango. Lakini sheria haiwezi kumwondolea mtu haya aliyoizoea. Kazi hiyo ni yetu sisi tulioketi mkekani naye.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, mepesi na yasiyo na gharama kubwa. Kwanza, kila mwalimu anayefundisha mahali pa kuvua viatu aweke maji na taulo mlangoni, naye awe wa kwanza kuvitumia. Pili, somo la msamiati wa viatu, ngozi, sufu na sehemu za mguu lifundishwe mapema, ili mwanafunzi awe na maneno ya heshima ya kuueleza mwili wake: wayo, kisigino, kifundo, kidole gumba, jasho, unyevu, harufu. Asiye na neno la heshima hutumia la mzaha, au hunyamaza. Tatu, mzaha juu ya mwili wa mwanafunzi ukomeshwe palepale, kwa upole lakini bila kusitasita, kama tunavyokomesha mzaha juu ya lafudhi yake.

Wengine watasema kwamba hayo si kazi ya mwalimu wa lugha, na kwamba chuoni tulifundishwa kuandaa somo, si kuandaa beseni. Twawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Mficha uchi hazai, na mwanafunzi afichaye miguu hatauonyesha ulimi. Kabla hatujamsahihisha ngeli na viambishi vyake, tuhakikishe kwanza kwamba ameketi, amestarehe, wala haogopi kunyoosha miguu.